Mkeka Usiosukwa kwa Kinyongo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Mkeka!

Nani kaukalia?

Sisi!

Na nani kausuka?

Hatukuuliza!

Basi leo mtauliza. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma acha kutafuna miwa, hadithi haipiti kwenye masikio yenye kelele za meno.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na kazi na kazi zikawa na wenyewe, palikuwa na kampuni ya mikeka ukingoni mwa mto. Mwenye kampuni alikuwa Kiboko. Kiboko mnamjua: mwili pipa, miguu vigogo, kinywa mlango wa ghala. Mikindu yote iliyoota pale ukingoni alisema ni yake, kwa sababu katika wote walioitazama yeye ndiye aliyekuwa mnene zaidi. Hakuna aliyebisha. Utabishana vipi na mlango wa ghala?

Zamani hiyo wasukaji walikaa pamoja kwenye majabali, wakasuka huku wakiimba na kuteta. Mkeka hauanzi mkeka, jamani. Unaanza kwa ukili, ule mshipi mrefu wa miaa, yaani majani ya mkindu, iliyosukwa, halafu mishipi inashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upate pa kulala. Basi Pimbi alisuka ukili, Kobe alisuka ukili, Nungunungu akashona kwa mwiba aliouchomoa mgongoni mwake mwenyewe. Kazi ilikwenda, porojo zilikwenda, na mmoja akiona mwenzake kapimiwa mtama zaidi, alisema palepale na kelele zikasikika mpaka ng'ambo.

Kiboko hizo kelele hakuzipenda hata kidogo.

Siku moja akatoa kichwa majini, bwaa, akasema, "Ndugu zangu, nawaonea huruma. Mnatembea mbali, njia ina miiba, jua linawachoma. Kuanzia sasa kila mmoja asukie nyumbani kwake. Miaa nitawapelekea, nanyi mtakuwa huru kabisa. Sisi hapa ni familia."

Wakapiga vigelegele. Pimbi alipiga kuliko wote. Pimbi, kama hamumjui, ni mnyama mdogo wa majabali, saizi ya sungura aliyekatwa masikio, hana mkia, ana meno mawili ya mbele na akili inayotosha kijiji. Alikuwa na watoto mapacha, na pango lake lilikuwa juu kabisa ya majabali. Akajiona amekaa mlangoni, anasuka huku anawatazama wanawe wakicheza. Nani angekataa?

Lakini rahisi ni ghali.

Kiboko alikuwa mvivu wa kutoka majini, na aliyelala majini hawezi kuona nani yuko tunduni mwake anasuka na nani anasinzia. Akamtafuta Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na sauti kubwa kuupita mdomo. Akamwita Msimamizi Mkuu. Mtama hakumpa, alimpa cheo, na Hondohondo akakila kile cheo akashiba kwa muda.

Tangu siku hiyo, jua likitoa ncha tu, fuu, fuu, fuu, mbawa hizo juu ya pango.

"Pimbi, upo?"

"Nipo."

"Unasuka?"

"Nasuka."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Fuu, fuu, fuu, kwa Nungunungu. Upo? Nipo. Unasuka? Nasuka. Umeridhika? Nimeridhika. Fuu, fuu, fuu, kwa Kobe. Upo? Nipo. Kobe peke yake hakupata tabu na hilo swali la kwanza. Popote alipokuwa, alikuwa nyumbani.

Hondohondo akimaliza, anaanza upya. Ukichelewa kuitika, mtama unapunguzwa. Ukiitika huku unatafuna, unapunguzwa. Pimbi akawa anaitika mpaka akiwa anakwenda haja. Na ukili nao haukuwa na mwisho. Leo ukisuka wa kuzunguka jabali, kesho Hondohondo anakwambia Bwana amefurahi sana, kwa hiyo zungusha na jabali la pili. Furaha ya Bwana ilikuwa inachosha kuliko hasira yake.

Hata hayo Pimbi angeyavumilia. Lililomuuma lilikuwa jua.

Pimbi si kama mimi na wewe. Asubuhi damu yake ni nzito kama uji uliolala. Lazima apande juu ya jabali aote jua mpaka mifupa ilainike, ndipo aione siku. Watoto wa pimbi ndio zaidi. Wasipoota jua wanatetemeka, tete, tete, tete, na wakitetemeka asubuhi nyingi hawakui, wanafifia. Kwenda peke yao hawawezi, maana tai yuko juu anachagua kitoweo, lazima mama akae nao. Na saa ya jua ndiyo hiyohiyo saa ya Hondohondo. Aliyekuwa nje ya tundu alihesabiwa hayupo kazini. Basi Pimbi anakaa ndani, anasuka, chakacha, chakacha, na nyuma yake anawasikia wanawe, tete, tete, tete. Hakuna kazi nzito duniani kama kusuka huku unasikia sauti ile.

Na malipo? Kibaba cha mtama. Neno zuri, kibaba. Ila kibaba cha Kiboko kilikuwa gamba la konokono.

Mara moja Pimbi akajikaza. Hondohondo alipofika kumwuliza kama ameridhika, akamwambia, "Msimamizi, mwambie Bwana kibaba hiki hakifiki jioni. Na aniruhusu niwaanike watoto asubuhi."

Hondohondo akaenda, akarudi. "Bwana anasema wewe ndiye msukaji wake bora. Anasema anakulipa kuliko wenzako wote. Usiwaambie, wataumia. Kuhusu kuanika watoto, anasema sisi ni familia."

Msukaji bora. Kuliko wote. Pimbi akasikia joto moyoni, ingawa miguu ilibaki baridi. Akawaza, maskini Kobe, maskini Nungunungu, kama mimi ndiye ninayepata zaidi, wao wanaishije? Akanyamaza kwa huruma. Sifa tamu jamani, mtu anaweza kuishi nayo siku nzima kabla hajakumbuka hajala.

Ukili ulipelekwa mtoni, kila mmoja kwa siku yake, wasije wakakutana. Kiboko aliipanga hiyo kwa makini sana. Alisahau kitu kimoja tu, mwendo wa Kobe.

Siku ya Pimbi ilipofika, akashuka na mzigo wake kichwani, na njiani akamkuta Kobe. Kobe alikuwa bado anarudi kutoka kwenye siku yake.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Wanatetemeka, mzee."

Kobe akatia mkono chini ya gamba, akatoa punje za mtama, akamnyooshea. "Wapelekee."

"Hapana, mzee. Nitachukuaje chako, na najua unavyolipwa?"

"Unajua ninavyolipwa?" Kobe akamtazama kwa upole mkubwa. "Pokea tu, Pimbi. Mimi ninacho. Nisingependa kulisema hili, lakini mimi ndiye ninayelipwa kuliko wote."

Pimbi akatua mzigo. "Nani kakwambia?"

"Bwana mwenyewe. Akasema nisiseme, mtaumia."

"Kipimo chako ni kipi, mzee?"

"Kibaba."

"Cha gamba la konokono?"

"La konokono."

"Lile dogo, limepasuka ubavuni, kwa hiyo mtama mwingine unachuruzika kurudi ghalani?"

Kobe akafunga macho. Akayafungua taratibu. "Ndilo hilo."

Pimbi alikasirika mpaka akapata joto, na haikuwa joto la jua. Alikasirikia gamba, akamkasirikia Kiboko, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa ile asubuhi aliyojiona bora.

"Na mimi nimekuwa nikiwahurumia nyinyi muda wote," Kobe akasema. "Nikiri ukweli, huruma ile ilikuwa tamu. Ilinishibisha kuliko mtama."

"Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Utamwambia nini? Atakufukuza tu, na mikindu yote anasema ni yake. Huko kufukuzwa kutawalisha watoto? Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

"Nitampisha, mzee," akasema Pimbi akijitwika mzigo. "Ila nitampisha apite ninapotaka mimi."

Haukupita muda, akaja mgeni mtoni. Gu, gu, gu, ardhi ikatikisika. Bi Tembo huyo, kutoka ng'ambo ya vilima, ana binti anamwoza.

"Bwana Kiboko, nataka mkeka wa harusi. Uwe mpana wa kulaliwa na tembo wawili, usikwaruze. Nitakulipa shamba zima la miwa."

Kiboko aliposikia miwa, mate yakamtoka mto ukapanda. "Hesabu umeupata, Bi Tembo."

"Ngoja kwanza. Kwetu mkeka wa harusi hausukwi kwa kinyongo. Msukaji akiwa na kinyongo, kinaingia kwenye ukili, na maharusi wakiulalia wanagombana mpaka wanarudishana kwao. Dada yangu yalimpata. Mume alikuwa mpole kama maji, lakini mkeka ulikuwa wa kinyongo, hawakumaliza hata msimu. Wasukaji wako wameridhika?"

"Wameridhika mpaka wamepitiliza. Nawauliza kila siku na jibu ni hilohilo."

"Nitawauliza mwenyewe," akasema Bi Tembo. "Mwezi ukiandama nitarudi."

Kiboko akazama akaibuka, bwaa, akamwita Hondohondo. "Waambie wote waje siku hiyo waseme wameridhika. Asiyeweza kusema, atafute mto mwingine."

Fuu, fuu, fuu, ujumbe ukafika pangoni. Pimbi akausikiliza mpaka mwisho, wala hakuacha kusuka.

"Mwambie Bwana nitasema," akajibu. "Lakini mwambie pia, nimeridhika peke yake ni neno baridi. Hata aliyefungwa kamba atakwambia ameridhika. Bi Tembo ana masikio mapana, atasikia kilichojificha chini ya neno. Bwana anastahili kusifiwa jambo kwa jambo, kwa sauti moja. Atukusanye tufanye mazoezi."

Hondohondo akapeleka. Kiboko akafikiri. Kuwakusanya hakukumpendeza, lakini kusifiwa kulimpendeza mno, na kile kinachompendeza mtu ndicho kinachoshinda. "Nami nitakaa wapi wakifanya mazoezi?"

Jibu la Pimbi likaletwa: "Majini, Bwana, na masikio yawe chini. Sifa ukizisikia mapema zinachacha."

Basi wakakutana tena kwenye majabali, kwa mara ya kwanza tangu walipopewa uhuru. Nungunungu alipowaona wenzake alilia, akataka kuwakumbatia, wakamwomba asiwakumbatie. Na walipokaa, Pimbi akauliza swali moja tu: nani hapa ndiye msukaji bora anayelipwa kuliko wote? Kobe akainua mkono. Nungunungu, aliyekuwa hajui kitu, akainua wake kwa aibu, akasema, "Samahanini, sikutaka muumie." Halafu akaona mkono wa Kobe. Halafu akaona wa Pimbi. Miiba yake yote ikasimama, shaa.

Hondohondo alikuwa tawini, ametumwa kusimamia mazoezi. Pimbi akamtazama. "Na wewe, Msimamizi Mkuu? Kipimo chako ni kipi?"

"Mimi nina cheo."

"Kinalika?"

Hondohondo akageuza mdomo wake mkubwa pembeni. "Mwanzoni kilikuwa kinalika," akasema. Kisha akaongeza, "Nitakwenda kumwambia Bwana kwamba nimesikia mazoezi, na mazoezi yanakwenda vizuri."

Nungunungu alitaka wamchome Kiboko. Pimbi akakataa. "Hatutamsema vibaya hata neno moja. Ukimtukana mwenye nguvu anakasirika. Ukimsifu, anafungua kinywa. Tutamsifu kwa mambo ambayo hajayatenda, mpaka yamlazimu."

Mwezi ukaandama. Bi Tembo akaja, gu, gu, gu, akasimama ukingoni. Kiboko alikuwa ametoka majini siku hiyo, ameng'aa, amejipaka tope la kunukia. Pimbi alikuwa amemshauri matenga ya mtama yatolewe ghalani yapangwe nje, mgeni aone kampuni ina akiba, na Kiboko aliona ushauri huo una heshima ndani yake. Matenga yakapangwa. Lile gamba la konokono Nungunungu alikuwa amelificha kati ya miiba ya mgongo wake, na nani angethubutu kulichomoa?

"Kobe," akauliza Bi Tembo, "umeridhika?"

"Nimeridhika, Bi Tembo. Sababu ninazo, ila mimi nikianza kuzisema harusi itapita. Aseme Pimbi."

Pimbi akapanda juu ya tenga. Huko juu pangoni wanawe walikuwa wanamngoja, na alijua wazi kwamba akikosea, kesho hana kazi, hana kibaba hata cha konokono, na hao wawili hawataufikia msimu wa mvua. Akatabasamu.

"Tumeridhika, Bi Tembo, mpaka tunaona haya. Nianzie wapi? Tazama kwanza uzuri wa Bwana wetu. Umewahi kuona kinywa kipana kama chake? Bwana, mwonyeshe mgeni."

Kiboko, akivishwa kilemba cha ukoka, hakukikataa. Akapanua. Aaaaah. Kikaenda, kikaenda, ukingo wa juu ukatazama mbingu.

"Basi hicho, Bi Tembo," akasema Pimbi, "ndicho kibaba chetu."

Na Kobe na Nungunungu wakainua tenga, mwaaa, mtama wote ndani.

Masikio ya Bi Tembo yakapiga, pwata, pwata. "Kinywa chake ndicho kibaba?"

"Ndicho. Kampuni nyingine zinapima kwa kifuu. Bwana wetu alisema familia haipimiani kwa kifuu."

"Ni kweli hayo, Bwana Kiboko?"

Mtazameni Kiboko. Ameze? Mgeni anamkodolea macho. Ateme? Aseme nini, na mtama umejaa mpaka kooni?

"Mmmh," akasema Kiboko.

"Hapendi kujisifu," akasema Pimbi. Akashuka, akatandika mkeka wake chini. "Nimiminie, Bwana."

Bi Tembo anatazama. Kiboko akainama, pwaaa. Lile fungu likawa refu kumpita Pimbi mwenyewe. Hakuwahi kuutazama mtama akiwa chini yake.

Kiboko akavuta pumzi. "Lakini Bi Tem..."

Mwaaa. Tenga la pili.

"Hili ni la Nungunungu," akasema Pimbi. "Na kuna habari ya jua, Bi Tembo. Asubuhi hatuitwi. Bwana alisema mzazi aote jua na watoto wake kwanza, na Hondohondo haji mpaka jua limepanda. Na akija anakuja mara moja, anasalimia, anaondoka."

"Hata watoto anawafikiria?" Bi Tembo akaguswa, mkonga ukalegea. "Kweli, Bwana Kiboko?"

"Mmmh."

Pwaaa, kwenye mkeka wa Nungunungu.

"Sikiliza, hawa ni wao..."

Mwaaa. Tenga la tatu.

"La Mzee Kobe. Na ukili wetu una kiasi chake. Tukikifikia, tunaweka miaa chini. Bwana hutuambia, kesho nayo ina kazi yake, msiimalize leo."

"Maneno ya hekima. Ni yako, Bwana Kiboko?"

"Mmmh," akasema Kiboko, na jicho moja likaanza kutiririka.

Pwaaa.

Ndipo, fuu, fuu, fuu, Hondohondo akashuka kutoka mtini. Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Akaukamata ukingo wa tenga la nne kwa mdomo wake, akalivuta, akalipindua, mwaaa, mwenyewe. Akasimama kando akajikung'uta. "Na Msimamizi Mkuu," akasema, "naye anakula."

Pwaaa.

Sasa kinywa kikabaki kitupu, na matenga yameisha. Kiboko akakohoa punje moja. Akautazama mtama wake umelala chini mafungu manne. Akamtazama Pimbi, na Pimbi akaona kabisa neno "waongo" likija, limeshafika kwenye ulimi. Pimbi hakuwa na sifa nyingine mkononi, wala tenga.

Lakini kabla Kiboko hajasema, Bi Tembo akasema.

"Nimetembea nchi nyingi, sijaona bosi kama huyu. Shamba la miwa ni lako, na nitakuongezea la pili. Harusi zote za ukoo wetu, na sisi tunazaana, mikeka itatoka hapa. Na kila mwezi ukiandama nitakuja kutazama wasukaji wanavyopimiwa, maana moyo wangu umependa kuona." Akageuka aende, akarudi. "Lakini nilitaka kusahau. Mwenye kampuni naye akiwa na kinyongo, mkeka unaharibika vilevile. Je, wewe mwenyewe umeridhika?"

Wote wakamtazama Kiboko.

Kiboko aliwaza miwa. Mashamba mawili, na harusi, na harusi baada ya harusi. Kisha akawaza mtama, kinywa kizima kwa kila mmoja, mwezi hadi mwezi. Ulafi wake ulipigana na ulafi wake, na ulafi ndio ulioshinda.

"Nimeridhika," akasema.

"Nimekuwa mzito wa masikio," akasema Bi Tembo mwenye masikio yale. "Umesemaje?"

"Nimeridhika." Na machozi yakamshuka kwenye mashavu yote mawili.

"Ni ya furaha," Pimbi akaeleza.

Kesho yake jua likatoa ncha, na juu ya pango hapakusikika mbawa. Pimbi aliwabeba wanawe mmoja mmoja kwa meno, akawaweka juu ya jabali, akakaa kati yao na anga. Walianza, tete, tete. Kisha tete. Kisha wakanyamaza, wakanyoosha miguu, wakalala usingizi wa watoto walioshiba. Pimbi naye akaota. Alifurahi mpaka akalia, na hakuna aliyekuja kumwuliza kama ameridhika.

Mkeka ukasukwa, kila mmoja kwake, maana kusukia nyumbani ni kuzuri kama nyumbani kwenyewe umeachiwa. Ila siku ya kupeleka ukili wanakwenda wote pamoja kwa mwendo wa Kobe, na njiani wanaambiana kila mmoja kapata nini. Harusi ikafana. Maharusi wakaulalia mkeka ule, wala hawakugombana, isipokuwa kwa mambo yao wenyewe.

Na mpaka leo ukipita penye majabali asubuhi utawaona pimbi wamejipanga wanaota jua bila wasiwasi. Ukishuka mtoni utamwona Kiboko amepanua kinywa, aaaaah, na hakuna anachokula. Watu husema anapiga miayo. Wala. Anajipima aone kama kimepungua.

Sasa funzo, maana wazazi wenu wamenituma niwape funzo. Hadithi hii inatufundisha kwamba mfanyakazi mwema halalamiki. Mfanyakazi mwema huridhika na anachopewa, hamnung'unikii bosi wake, hasemi neno baya juu yake hata kidogo. Humsifu. Humsifu mbele za wageni, kwa sauti, jambo kwa jambo, huku matenga yako karibu. Mkikua mkaajiriwa, nanyi muwe watiifu kama Pimbi, na mabosi wenu watalia kwa furaha.

Hadithi yangu inakunja mguu hapa. Ikiwa tamu, ichukueni mkaitandike kwenu. Ikiwa chungu, basi msimuliaji akiwauliza semeni tu mmeridhika, na mama mwenye nyumba anipimie uji wangu kwa bakuli, si kwa gamba la konokono.